Makaburi Yaliyojulikana kwa Harufu

Asubuhi moja niliondoka Bulyaga bila kuaga mtu. Nilikuwa nimelala vizuri, nimekunywa chai na viazi vitamu, sina ugomvi na mwenye nyumba wala na fundi niliyekuwa namchanganyia zege. Nilitoka kununua sabuni. Dukani sabuni ilikuwepo, lakini nyuma ya duka kulikuwa na njia inayopanda, na mimi njia inayopanda ikinitazama namna ile siwezi kurudi nyumbani kufua.

Nawaambia haya mapema, vijana, msije mkadhani niliingia kazi ya kuchimba makaburi kwa wito. Shule niliacha darasa la tano kwa sababu nilitaka kujua lori la majani ya chai linakwenda wapi. Linakwenda kiwandani, basi. Lakini kufika kule nikaona mashine, nikataka kujua nani anazitengeneza, na mambo yakaendelea hivyo mpaka nywele zikawa nyeupe.

Siku ile nilipanda kupita Kawetele, mvua ikanikuta. Mvua ya Tukuyu mnaijua, haina haraka na haina huruma. Nikajibanza chini ya bati la kwanza nililoliona. Kumbe nilikuwa nimeingia uani mwa kituo cha watu wenye ulemavu. Jina lake sitalitaja, maana wenyewe bado wapo na mimi sina wakili. Kibao cha getini nimekiona kikibadilishwa mara kadhaa. Nilipofika kilisema "wasiojiweza", baadaye kikasema "wenye ulemavu", siku hizi kinasema "wenye mahitaji maalumu". Ndani ya geti uji ulikuwa uleule.

Mbele yangu, kwenye mvua, mzee mmoja alikuwa ameketi juu ya gunia ukingoni mwa shimo, akiwafokea wanaume wawili waliokuwa ndani.

"Mnachimba kaburi au mnamtafuta panya? Ukuta huo! Ukuta unalala! Utawaangukia tuwazike bure bila sanda!"

Kisha akaniona.

"Gwe! Wewe uliyesimama kama nguzo ya umeme. Mikono hiyo umeazima?"

"Ni yangu, mzee."

"Basi ilete huku."

Huyo alikuwa Mzee Gwakisa, mkazi wa kituo. Magoti yake yalikuwa yamekunjika kifuani tangu utoto na hayakuwahi kunyooka. Alitembea kwa mikono, kila kiganja kimefungwa kipande cha tairi. Hakuwahi kushika jembe, lakini alikuwa amehudhuria kila mazishi ya pale, macho yake yakiwa karibu na ardhi kuliko ya mtu yeyote, na alikuwa na mdomo. Nililichimba kaburi lile mpaka mwisho. Jioni wakanipa ugali, na pa kulala, na kesho yake jembe. Nikakaa miaka mingi kuliko nilivyowahi kukaa mahali popote. Nafikiri ni kwa sababu pale kila mtu alikuwa na habari ndefu ya jinsi alivyoletwa, na mimi sijui kuondoka kabla habari haijaisha.

Sasa niwaambie kazi yenyewe, maana nawaona mnachimba siku hizi na koleo zenu za dukani, simu zinaimba mfukoni, mnarusha udongo popote.

Udongo wa Rungwe juu ni mweusi, laini kama unga, unamdanganya mgeni. Ukienda chini unakuta wa manjano wenye vijiwe vyepesi vya mlimani, na huo ukilowa unaporomoka kwa mara moja, bila kukuonya. Kwa hiyo kabla ya yote unachimba mfereji mdogo upande wa juu wa kaburi, maji yapite pembeni. Udongo unaoutoa unauweka upande wa chini, usirudishwe na mvua. Ukingoni unalaza vigogo vya migomba, wabebaji wakanyage hapo, si kwenye ukingo mtupu. Nimewahi kumwona mchungaji akiingia kaburini kabla ya marehemu kwa sababu ya watu waliodharau vigogo vya migomba. Alitoka akiwa na tope mpaka kwenye Biblia, akaendelea na ibada pale alipoishia. Nilimheshimu sana tangu siku hiyo.

Tuta unalipandisha juu kuliko macho yanavyotaka. Masika yakipita litakaa chini, litabonyea kama godoro la gesti. Lazima mtu arudi kuongeza udongo. Nyumbani kwenu anayerudi ni mtoto wa marehemu au mkwe. Pale kituoni nilikuwa narudi mimi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la kipimo. Alifariki mtu aliyekuwa amekunjika kama Gwakisa, nami nikachimba kwa kipimo ninachokijua, urefu wa mtu na upana wa mabega. Seremala akaleta sanduku fupi, pana, refu kwenda juu kama kabati. Tukaliteremsha, likakwama katikati. Halishuki, halipandi. Mchungaji alikuwa ameshafungua mdomo. Gwakisa, kwenye gunia lake, akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Bora limekwama," akasema. "Zamani lisingekwama."

"Kwa nini?"

"Zamani walikuwa wanatunyoosha."

Namna ya kunyoosha sitawaeleza. Nilimuuliza, kwa sababu mimi huuliza kila kitu, akanieleza, na nikajuta kuuliza. Masanduku yalikuwa yanakuja ya aina moja, basi mtu ndiye aliyerekebishwa.

"Mimi nimekaa hivi tangu nizaliwe," akaniambia. "Ukinichimbia mimi, chimba duara kama la shimo la taka ukitaka, lakini mtu asiniguse magoti."

Alipofariki nilichimba shimo pana mpaka wenzangu wakauliza kama tunazika familia. Tulimlaza ubavu, magoti yake yako palepale alipoyazoea. Hiyo ndiyo kazi pekee maishani mwangu ambayo ningependa mtu aje aikague.

Lakini mimi nimekusudia kuwasimulia habari za Bibi Atuganile.

Ninyi mliokulia huku mnajua kwetu mtu anazikwa wapi. Anazikwa kwake, karibu na nyumba, kwenye migomba. Asubuhi ukifagia uwanja unampita, watoto wanacheza juu ya kaburi la babu yao na hakuna anayewafukuza. Msiba nao mnaujua: wanawake wanalia tangu barabarani, wanaume wanakaa kimya kwenye viti, ng'ombe anaanguka. Sasa fikirini mtu amefia kituoni. Mkuu wa kituo anapiga simu kwa ndugu. Namba haipatikani, au inapatikana na sauti inasema "mnaweza kuendelea tu". Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi. Mnaweza kuendelea tu. Basi tunaendelea, sisi na mchungaji kama yupo, kwenye kipande cha ardhi nyuma ya zizi la ng'ombe, ambako hakuna nyumba ya mtu yeyote.

Misalaba ilikuwa ya mbao laini. Kwa mvua ya huku, mti huo unaoza kabla machozi hayajakauka, kama yalikuwepo. Majina yaliandikwa kwa rangi ya mabaki, leo inasomeka, mwakani ni ubao mtupu, baadaye si ubao tena. Mtu anayeona angesema pale hakuna mpangilio wowote, ni majani tu.

Bibi Atuganile hakuwa anaona. Surua ilimchukua macho akiwa mdogo, na kaka yake akamleta kituoni kutoka Kinyala akiwa msichana wa kubeba ndoo. Chumbani aliishi na Sekela. Sekela alikuwa na kifafa, aliangukia moto jikoni kwao, mkono mmoja ukaungua, ndugu wakaogopa kula naye sahani moja, wakamleta. Wawili hao waligombana kila siku ya maisha yao. Sekela alipenda kuchoma kivumbasi chumbani kufukuza mbu, moshi unajaa mpaka darini.

"Gwe Sekela, unataka kunikausha kama samaki?"

"Macho yako hayaoni moshi, unalalamikia nini?"

"Pua yangu inaona!"

Sekela alipata kifafa akiwa anachota maji mferejini, peke yake. Mimi ndiye niliyechimba. Bibi Atuganile alikuja kabla ya mazishi, akapapasa ukingo kwa fimbo yake pande zote, akauliza, "Hapa pana upana wa kutosha? Huyu analala kwa kujitandaza." Nikamwambia panatosha. Akasema, "Na mimi utaniweka huku kushoto. Ukutani hulala mimi, yeye hawezi, anasema ukuta una baridi." Akaonyesha kwa fimbo mahali penyewe.

Baada ya arobaini akapanda kivumbasi juu ya Sekela. Hapo ndipo nilipogundua kilichokuwa kikiendelea miaka yote mbele ya macho yangu. Yale "majani" yalikuwa kazi yake. Kila kaburi lilikuwa na mmea wake, amepanda mwenyewe kwa mkono, kwa harufu na kwa mguso. Mpishi wa zamani alikuwa na mchaichai. Mama mmoja aliyependa kujipaka manukato ya wafadhili alikuwa na mnanaa. Gwakisa alipandiwa pilipili kichaa. "Aliwasha akiwa hai," Bibi alisema, "mnataka awe mchicha?" Kulikuwa na mzee mmoja asiyependa kuguswa wala kusalimiwa, huyo akapandiwa kichaka cha miiba, na Bibi alipofika kwake alisema tu "Nimekuona" akapita mbali.

Jumapili baada ya ibada alikwenda kuwatembelea. Anainama, anasugua jani kati ya vidole, ananusa, anaita jina, anatoa habari za wiki. Nani amegombana na nani, uji umekuwa mwepesi, Mkuu amenunua viatu vya kuchongoka. Akifika kwa Sekela anakaa. Wakazi wengine wakaanza kumfuata, kwa magongo, kwa vigari, wengine wanabebana. Ikawa ndiyo desturi ya pale. Mimi nilikuwa nayapalilia yale makaburi nikiongozwa na yeye, nang'oa hiki, naacha hiki. Na kila mara alirudia: mimi ni hapa kushoto. Alimwambia Mkuu, alimwambia mchungaji, aliwaambia wapishi. Hakuwa na mali, hakuwa na mtoto, alikuwa na neno hilo moja tu la kuwaachia watu.

Sasa vijana, msikasirike, nafika kwenu.

Siku moja nilitumwa mjini Tukuyu kununua chokaa. Wageni walikuwa wanakuja, Mkuu akasema. Nilikaa mjini kidogo zaidi ya nilivyotumwa, kuna mtu alikuwa anafungua redio sokoni, nikataka kuona ndani. Niliporudi uani kulikuwa na basi, na vijana wamevaa fulana za rangi moja, wanacheka, wanapiga picha, wamechafuka kwa kazi ya kweli. Msichana mmoja mwenye kipaza sauti akanikimbilia.

"Shikamoo babu!"

"Marahaba, mwanangu."

"Babu, njoo uone tulivyowasafishia makaburi. Palikuwa pori kabisa!"

Nikaenda nyuma ya zizi. Sijui niwaelezeje. Palikuwa pasafi. Palikuwa pamelimwa, pamesawazishwa kwa reki, hata matuta waliyasawazisha wakidhani ni vichuguu. Kuzunguka pembezoni walipanga mawe mazuri yakisubiri chokaa yangu.

"Mimea mmepeleka wapi?" nikauliza.

"Magugu? Ng'ombe wamekula, mengine tumechoma kule."

"Mlimuuliza nani?"

Akanishangaa, bila ubaya wowote. "Mkuu ndiye aliyetupa majembe, babu."

Ni kweli. Na Mkuu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu asiyekwenda nyuma ya zizi. Mtu mbaya ningemchukia, nikamaliza. Hawa walikuwa wametoka kwao alfajiri, wamechanga nauli, wamekuja kutenda wema. Wameiacha mitupu mikono ya wafu waliokuwa wamepewa kitu kimoja tu cha kushika.

Bibi Atuganile alikuja na fimbo yake kwa sababu alisikia kelele. Akavuka mawe, akasimama. Akavuta pumzi. Akageuza uso huku na huku.

"Nani amenileta uwanja wa mpira?"

"Bibi, uko makaburini," msichana akamwambia kwa upole, akamshika mkono.

"Makaburini kwa nani?"

Moshi ulikuwa unatoka kule walikochoma, na upepo ukauleta, na ndani ya moshi ule nilisikia mchaichai, na nilimwona yeye pia akiusikia. Wakati huohuo vijana walikuwa wanajipanga kwa ajili ya picha, wakamweka mbele katikati, wakampa kipaza sauti aseme neno.

Akasema, "Ndaga. Ndaga fijo."

Wakapiga makofi. Ndaga ni asante, hata ninyi wa kutoka mbali mnaijua. Watu wa kituo hujifunza kusema asante kabla hawajajua wamepewa nini. Hilo ndilo somo la kwanza pale, linafundishwa pamoja na kushika kijiko.

Basi lilipoondoka nilichukua nondo. Hii nayo ni kazi, mshike. Ardhi iliyowahi kuchimbwa hairudi kuwa kama zamani, wa manjano umechanganyika na mweusi, na nondo ukiibonyeza inazama kama kwenye mkate. Ardhi ambayo haijaguswa inakukatalia. Kwa siku kadhaa nilitembea na nondo na vijiti, nikayapata makaburi yote, nikaweka kijiti kichwani na kijiti miguuni. La Gwakisa lilijionyesha lenyewe kwa upana wake, huyo tulimrudishia pilipili siku ileile. Lakini mengine yalikuwa mashimo ya kawaida, mstari baada ya mstari. Nondo inajua pana mtu. Haijui ni nani.

"Kwa Sekela unafikaje?" nilimuuliza Bibi.

"Ukitoka kwenye mchaichai unafuata mnanaa, ukiupita mnanaa unasikia kivumbasi." Akatikisa kichwa. "Unaona ninavyosema upuuzi?"

Tukakubaliana kusubiri mvua. Nilimwambia mizizi ina ukaidi, kitu kitachipua. Mvua zikanyesha, na kweli kikachipua kitu. Kivumbasi. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, na majembe na reki za wale vijana zilikuwa zimezitawanya kila mahali. Kikaota juu ya Sekela, popote alipo, kikaota juu ya mpishi, juu ya mama wa manukato, kati ya mistari, mpaka kwenye mawe yaliyopakwa chokaa. Eneo lote likawa na harufu moja.

Nilimpeleka Bibi. Alifika ukingoni, akanusa, akapiga hatua, akanusa, akainama, akasugua jani hapa, akasugua pale. Akaanza kucheka.

"Sekela huyo! Hata chumbani alikuwa hanipi nafasi!"

Alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Kisha akaniomba nimrudishe ndani. Njiani akasema, "Basi nizikeni popote katikati yao. Nitamtafuta mwenyewe." Tulipita ofisini, akamwambia Mkuu maneno hayohayo, mimi nikiwa nimesimama mlangoni. Mkuu akasema, "Sawa, Bibi, sawa," kama mnavyomwambia mtoto anayetaka kununuliwa ndege.

Alifariki kwa kifua, msimu wa baridi. Nilishika jembe kabla sijaambiwa. Nilikuwa nimechagua mahali, katikati kabisa. Nilikuwa nimefika magotini pale iliposikika honi.

Alikuwa mtoto wa kaka yake, Lusajo, kutoka Kinyala. Nilikuwa sijawahi kumwona. Parachichi zilikuwa zimemwinua, kama zilivyowainua wengi huku, ana nyumba ya vigae na gari mbili. Safari hii simu ya Mkuu ilipatikana. Alikuja na jeneza linalong'aa, lenye kioo usoni, la kumwonyeshea mtu ambaye hakuna aliyekuwa amekuja kumtazama.

"Poleni sana kwa kumtunza shangazi," akasema, akatupa mkono mmoja mmoja. Alikuwa na adabu.

Nilitoka shimoni na udongo wangu. "Bwana, shangazi yako alisema azikwe hapa."

"Alisema lini?"

"Kila siku."

"Mzee wangu, uzee ule, mtu anasema mengi. Hatuwezi kumwacha mama mzima akazikwa na watu asiowajua."

"Hawa ndio aliowajua."

Akashusha sauti. "Wewe ni mtu mzima, unaelewa. Watu Kinyala watasema nini? Kwamba sisi tuna nyumba kama ile, na shangazi yetu yuko na..." Aliangalia barazani. Wakazi wote walikuwa wamekaa pale, magongo yameegemezwa ukutani, wamevaa nguo zao za Jumapili. Hakumalizia.

Nilimgeukia Mkuu. Mkuu akaangalia viatu vyake. "Mwili ni wa ndugu," akasema. "Sisi hatuna sauti hapo."

Tumpe, aliyekuwa akimchania Bibi nywele, akauliza kutoka kwenye kigari chake, "Na sisi tutapanda gari gani?"

"Gari limejaa, mama. Kuna viti na maturubai."

"Tutakaa juu ya maturubai."

"Hapana, mtachafuka," Lusajo akasema, kwa upole uleule.

Nikaenda mimi, kwa miguu, na nusu ya njia nikapata bodaboda. Msiba ulikuwa mkubwa, lazima niseme kweli. Ng'ombe alianguka, kwaya ikaimba, wanawake walilia tangu barabarani, wakimlilia mtu ambaye wengi wao hawakujua sura yake. Kaburi walikuwa wamelichimba vijana wenzenu, wameliwekea vigae vyeupe ndani kama bafu. Kuta zimenyooka, siwezi kusema uongo. Mfereji wa juu hawakuchimba.

Kisha mtu akasimama na karatasi kusoma historia fupi ya marehemu. Alizaliwa Kinyala, akasoma. Alikuwa mcha Mungu, mwenye upendo. Akaishi kwa amani katika familia yake mpaka alipougua na kufariki. Amina. Nikangoja kituo. Nikamngoja Sekela, na mchaichai, na Jumapili zote zile. Karatasi ikakunjwa. Tangu alipobeba ndoo mpaka alipokufa, maisha yake yote yalipita kwenye nafasi ya kuvuta pumzi kati ya sentensi mbili.

Mshereheshaji akauliza kama kuna mwenye neno. Nikasimama.

"Marehemu aliomba alale karibu na Sekela," nikasema.

Watu wakageuka. Bibi mmoja mbele yangu akauliza kwa sauti, "Sekela ni nani? Mwanawe?"

"Ni mwenzake," nikasema.

"Mzee amechoka," Lusajo akasema, "mpeni kiti. Mpeni na chakula." Wakaniletea sahani ya ndizi na nyama, ndizi zimelainika vizuri, nyama ya mfupa. Nikala. Niliwahi kufikiri kwamba mtu mwenye uchungu hawezi kula. Anaweza, na anaona na chumvi iko sawa.

Nilirudi kituoni nikawakuta barazani, bado na nguo za Jumapili. Waliniuliza mambo yote, vigae, kwaya, ng'ombe. Tumpe akauliza, "Walimtaja Sekela?"

"Nilimtaja mimi."

"Na sisi?"

Nikaenda kulifukia lile shimo lililofika magotini. Kufukia shimo ambalo halina mtu ni kazi mbaya kuliko zote nilizofanya, udongo hautoshi, sijui kwa nini, siku zote unapungua kidogo.

Nimewaandikia haya si kwa sababu nataka muache kwenda na majembe yenu kwenye vituo. Nendeni. Yapo makaburi ya namna ile mahali pengi, nyuma ya mazizi, na wengi waliomo hawakuwahi kuwa na mtu wa kuwapandia hata pilipili. Nataka tu kabla hamjashusha jembe mumwendee aliyekaa barazani, hata kama anaongea taratibu, hata kama mate yanamtoka, mumuulize hapa ni kwa nani, na mkae mpaka amalize. Nafahamu hamtafanya hivyo. Basi linakuwa na haraka ya kurudi.

Mgongo wangu ulikuwa umekwisha kukataa jembe. Kulipopambazuka niliaga, safari hii niliaga kila mtu, nikatelemka hadi Kyela bila kujua nakwenda kwa nani. Huko joto linakupokea kama mkwe aliyekasirika, na ardhi ni nyingine kabisa, unachimba kidogo tu unakuta maji. Nilisimama kwenye shimo la choo la watu nisiowajua nikitazama maji yale mpaka mwenye shimo akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia natafuta chumba. Akanielekeza kwa mama mmoja mjane, nyumba yenye mikakao nyuma.

Mama alinitazama juu mpaka chini. Akauliza jina, akauliza natoka wapi, kama nalewa, kama naimba. Kisha akauliza, kama vile anauliza habari za taa, "Na ukifa?"

"Nikifa nini, mama?"

"Usinune. Mpangaji wangu wa mwisho alinifia humo ndani, sikujua pa kumpeleka. Wakaja ndugu kutoka huku na kutoka kule, wakamgombania hapa uani kwangu. Ukifa wewe tukuzike wapi?"

Nimechimba kwa ajili ya watu wengi sana, na katika umri wangu wote hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nikafikiria kwetu nilikotoka, ambako hawanijui tena. Nikafikiria nyuma ya zizi, ambako hata Bibi Atuganile hakupata nafasi. Yule mama alikuwa amesimama, mkono kiunoni, ananingoja nijibu. Hakuwa na haraka.

"Sijui, mama," nikasema.

"Basi fikiri." Akatoa ufunguo kwenye pindo la khanga, akanipa. "Choo kiko nyuma. Ukishajua uje uniambie mimi mwenyewe, nikiwa nimekaa, nisikie vizuri."